KUREKEBISHA RANGI YA NGOZI KATIKA FOTO: TUNANYOOSHA AO TUNABADILISHA?



Kila mwaka, foto za finalisti zikitoka, malalamiko ni yale yale. "Mbona uso wangu uko na rangi mbili?" "Mbona nimekuwa sawa majivu?" "Mbona paji langu linang'aa sawa sahani?" Wengi wanafikiri kosa ni la ngozi yao. Hapana. Mara nyingi kosa ni la mwangaza, ao la kamera, ao la mukono wa yule aliyerekebisha foto. Leo nitaeleza mambo matatu: kwa nini rangi inaharibika, namna ya kuirekebisha, na pahali tunapopashwa kusimama. Gazeti letu linachapwa kwa wino mweusi paka, kwa hiyo mifano ya rangi nitaitoa kwa hesabu.

I. KWA NINI RANGI INAHARIBIKA?

Sababu ya kwanza ni shati letu. Kamera nyingi, zikiachwa zichague zenyewe, zinafikiri kwamba kila kitu kilicho mbele yao, ukikichanganya pamoja, ni kijivu cha katikati. Sasa weka mwanafunzi mwenye ngozi nyeusi, shati nyeupe, mbele ya ukuta mweupe. Kamera inaona weupe mwingi, inaogopa, inapunguza mwangaza. Shati inatoka muzuri, uso unazama gizani. Kisha mutu anainua mwangaza kwa nguvu katika ordinateri, na uso unajaa vidoti vya rangi rangi. Njo maana ni vizuri kupima mwangaza juu ya uso: kwa telefone, gusa uso wa mutu kwenye kioo mbele ya kupiga.

Sababu ya pili ni mwangaza wa namna mbili. Ukikaa kati ya dirisha na ampule, upande wa dirisha unakuwa bulu kidogo na upande wa ampule unakuwa manjano. Ukisimama chini ya muti wa maembe, majani yanakutupia rangi yao. Ukuta uliopakwa kijani unafanya vile vile.

Sababu ya tatu ni flashi. Mafuta na jasho juu ya ngozi vinarudisha mwangaza sawa kioo, na fasi ile inapoteza rangi yake. Kitambaa kikavu mbele ya foto kinaokoa nusu saa ya kazi.

Sababu ya ine ni ya historia. Filme za rangi hazikutengenezwa kwa kuangalia watu kama sisi. Kodak ya Marekani ilikuwa ikitumia laboratuari kadi zenye foto ya mwanamuke mweupe, kusudi wapimishe nazo rangi. Ziliitwa "Shirley", kwa jina la mwanamuke wa kwanza aliyepigwa foto ile. Ngozi yake ikitoka vizuri, kazi ilihesabiwa kuwa nzuri. Ngozi nyeusi ilitoka vile itakavyotoka. Filme zilianza kutengenezwa vizuri zaidi kwa rangi za giza wakati watengenezaji wa chokoleti na wa vyombo vya mbao walipolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani muzuri. Fikiri jambo hilo: chokoleti ilisikiwa mbele ya mutu!

Vipimo pia vilikuwa vichache. Mwaka 1975 munganga wa ngozi Thomas Fitzpatrick alianza kupanga ngozi kwa kuangalia namna inavyoungua kwa jua, na mupango wake ukafika aina 6. Haukuwa wa foto, lakini watu wa mashini waliutumia. Mwaka 2022 Google ilitangaza kipimo cha rangi 10 kilichofanywa na mwalimu Ellis Monk wa Harvard, kusudi ngozi za giza zisiachwe nyuma.

II. NAMNA YA KUREKEBISHA

Katika ordinateri, kila doti ya foto iko na hesabu tatu: nyekundu, kijani na bulu, kila moja toka 0 mpaka 255. Shika kanuni hii: kwa ngozi ya mutu, iwe nyeusi ao nyeupe, katika mwangaza wa kawaida nyekundu inatangulia, kijani inafuata, bulu inakuwa ya mwisho. Sababu ni kwamba ngozi zetu zote zinapata rangi kwa vitu vile vile, melanini na damu. Tunachotofautiana zaidi ni giza na mwangaza.

Chukua mufano. Paji la uso: 140, 95, 72. Hiyo ni ngozi nzima. Shavu la upande wa majani: 104, 98, 66. Kijani imekaribia kuifikia nyekundu. Shavu linaonekana sawa la mugonjwa. Kidevu: 96, 92, 95. Hesabu zote tatu karibu sawa. Njo yale "majivu" tunayolalamikia. Basi jicho linaweza kudanganyika, lakini hesabu zinakuonyesha kosa liko wapi.

Programu ya Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, ni ya kulipa. GIMP ni ya bure na inafanya kazi hii. Katika telefone, Snapseed iko na burashi ya mwangaza, ya joto la rangi na ya wingi wa rangi. Fuata mupango huu, usiruke hatua:

1. Fanya kopi ya foto. Ya kwanza usiiguse kamwe.

2. Rekebisha mwangaza wa foto nzima, ukiangalia uso, si shati.

3. Rekebisha weupe. Tafuta kitu kisicho na rangi kilicho katika mwangaza ule ule wa uso, kwa mfano kola ya shati. Hesabu zake tatu zinapashwa kuwa karibu sawa, tuseme 215, 215, 215. Usichague fasi iliyofika 255, kwa maana pale habari imepotea. Tena angalia: shati iliyosukwa na bulu ya kufulia inadanganya. Mara nyingi hatua hii peke yake inamaliza nusu ya matata.

4. Sasa njo unagusa fasi zilizobaki. Fungua kalke mupya, yaani karatasi ya kioo juu ya foto, na uiweke katika namna ya "rangi". Namna ile inabadilisha rangi, lakini inaacha giza na mwangaza kama vilivyo. Chukua rangi nzuri toka uso wa mutu yule yule, si wa mwengine. Pakaa kwa burashi laini, nguvu 10 ao 15 kwa mia. Pita mara nyingi polepole kuliko mara moja kwa nguvu.

5. Kama fasi moja ni giza mno ao inang'aa mno, fungua kalke ingine kwa ajili ya mwangaza. Usichanganye kazi hizi mbili: kosa la rangi halitengenezwi kwa mwangaza.

6. Linganisha uso na shingo, masikio na mikono. Uso wa rangi moja na shingo ya rangi ingine, kila mutu atacheka.

7. Punguza ukubwa wa foto, toka inje dakika tano, rudia kuangalia. Macho yanazoea makosa haraka.

III. PAHALI PA KUSIMAMA

Ngozi ya kweli haiko rangi moja. Midomo iko na wekundu wake, chini ya macho kuna giza kidogo, viganja ni vyeupe kuliko mugongo wa mukono. Ukisawazisha vyote, mutu anakuwa mwanasesere wa plastiki. Kipele cha juma hili unaweza kukiondoa, kwa sababu juma lijalo hakitakuwapo. Lakini kovu, alama ya kuzaliwa, mabaka meupe ya ngozi, hizo ni za mwenyewe. Usiziguse kama hakuomba.

Sasa neno zito. Mwaka jana studio moja ilipiga foto za kadi za wanafunzi kadhaa, ikawaangaza wote bila kuwauliza. Dada mumoja mweusi sana alipata kadi yenye sura ya mutu mwingine. Alipoionyesha mulangoni siku ya mutihani, musimamizi aliangalia kadi, akamuangalia yeye, akamuweka kando. Mupaka mwalimu wake alipokuja kumushuhudia, wenzake walikuwa wamekwisha kuanza. Aliyeangaza foto ile alifikiri anamupendeza. Alimuonyesha kwamba sura yake ni kosa la kusahihisha.

Na sisi wenyewe tunasaidia ubaya huo. Mara ngapi tunasikia: "Kaka, unitoshe weusi kidogo"? Leo tunautosha katika foto, kesho tunanunua mafuta ya kujichubua. Mafuta hayo mengine yako na zebaki, sumu inayoharibu figo. Foto ya uongo inaweza kuwa mulango wa kwanza wa njia ile.

Basi kanuni yangu ni fupi. Kunyoosha rangi ni kuondoa kile mwangaza na kamera vilichoongeza juu ya mutu. Kubadilisha ni kuondoa mutu mwenyewe. Ukimaliza kazi, weka foto kando ya mwenyewe, katika mwangaza wa muchana, na uulize mama yake ao rafiki yake: "Huyu njo yeye?" Akijibu ndiyo bila kusita, umefanya vizuri. Akisita, rudia kopi yako ya kwanza.

Finalisti wenzangu, foto za mwaka huu tutazipiga mbele ya Egizameni ya Leta. Kuja na kitambaa kikavu, shati safi, na sura yako.

Kwa leo tukomee hapo.

Mukubwa wa wanafunzi, finalisti