Fanusi ya mshumaa kambini: Ni ya mwanga, si ya joto

Likizo ya Agosti inapofika, vijana wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe hufunga mizigo kwenda kupiga kambi. Wapo maskauti, wapo wanafunzi wanaoongozwa na walimu wao, na wapo vijana wa vikundi vya mitaani. Baadhi yao huenda karibu tu, katika hifadhi ya Shimba Hills huko Kwale. Wengine hupanda hadi milima ya Taita, ambako kilele cha Vuria kimepita mita 2,200 juu ya usawa wa bahari.

Mtu wa pwani hajaizoea baridi ya huko. Kwa wastani, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Usiku ambao Mombasa ina nyuzi 22, aliye juu ya milima ya Taita anaweza kukuta nyuzi 10. Ikiwa nguo ni nyepesi na shuka ni moja, usingizi hauji.

Hapo ndipo watu huanza kutafuta moto wa kuingiza ndani ya hema. Mmoja huwasha mshumaa, mwingine huona mshumaa hautoshi akaleta jiko la makaa. Hatua hiyo ya pili imewaua watu wengi duniani, na hata ile ya kwanza ina hatari zake.

Mshumaa una joto kiasi gani?

Mshumaa wa kawaida hutoa joto la wati 80 hivi. Mtu mzima aliyelala naye hutoa karibu kiasi hicho hicho kutoka mwilini mwake. Kwa hivyo, kuwasha mshumaa mmoja ndani ya hema ni sawa na kumwongeza mtu mmoja alale nanyi. Tofauti ni kwamba mtu huyo hawezi kuunguza hema.

Mwanga wake pia ni mdogo. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa mwanga uliozidi ule wa mshumaa kwa zaidi ya mara 50. Hata hivyo, mwanga wa mshumaa unatosha kula chakula, kutafuta viatu au kuketi na kupiga hadithi.

Ndiyo sababu fanusi ikabuniwa. Vioo vyake huuzuia upepo usiuzime moto, na tundu la juu hutoa hewa ya moto. Kumbuka kwamba hewa hiyo inayotoka juu ni kali sana. Hema nyingi za siku hizi ni za nailoni au poliesta, nazo huyeyuka haraka na kuganda kwenye ngozi ya aliye ndani.

Hewa isiyoonekana

Moto hula oksijeni kama sisi tunavyoivuta. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliwafundisha watoto mjini London, msimu wa Krismasi wa 1860, mfululizo wa mihadhara kuhusu mshumaa tu. Nawe msomaji unaweza kujionea: funika mshumaa unaowaka kwa gilasi. Baada ya muda mfupi moto utafifia na kuzimika, kwa kuwa oksijeni iliyomo imepungua.

Moto unapokosa hewa ya kutosha hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Sumu hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zinazozidi zile za oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, lakini ubongo na moyo havipati oksijeni.

Mshumaa mmoja hutoa sumu hiyo kidogo. Jiko la makaa hutoa nyingi sana. Watu wengi hudanganyika hapa, wakidhani kwamba makaa yakishakolea na moshi kwisha, hatari nayo imekwisha. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa kaboni monoksaidi, na yataendelea kuitoa hata yakifunikwa majivu. Kufungua mlango wa hema kidogo hakutoshi.

Usidhani ni malaria

Dalili za sumu hii ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na mwili kulegea. Kwa mtu wa pwani, dalili hizi humfanya aseme, "Ni malaria hiyo," kisha ameze vidonge na kurudi kulala mahali pale pale. Huenda asiamke.

Kuna mambo matatu ya kutazama. Kwanza, sumu hii peke yake haileti homa. Pili, huwapata watu kadhaa wa hema moja kwa wakati mmoja. Tatu, mgonjwa hupata nafuu kidogo akitoka nje. Watoto, wazee na wanawake waja wazito hudhurika upesi zaidi.

Ukishuku sumu hii, watoe watu wote nje mara moja. Aliyezirai lakini anapumua, mlaze kwa ubavu. Usimpe maziwa, hayaondoi sumu iliyo damuni. Piga simu 999 au 112, au tafuta gari umpeleke hospitali iliyo karibu. Akivuta hewa ya kawaida, nusu ya sumu huchukua saa 4 au 5 kutoka mwilini. Akipewa oksijeni safi hospitalini, muda huo hupungua hadi saa moja au moja na nusu. Hata aliyepata nafuu sharti aonwe na daktari.

Jinsi ya kutumia fanusi

Iweke nje ya hema, juu ya jiwe au ardhi tupu, mbali na majani makavu. Iwe angalau mita moja kutoka kwa hema, nguo na vyandarua. Kama huna fanusi, tia mchanga kwenye mtungi wa kioo wenye mdomo mpana, usimamishe mshumaa katikati na uuache mdomo wazi.

Ndani ya hema tumia tochi, taa ya sola au mwanga wa simu. Usiwashe mshumaa karibu na chandarua, wala usilale ukiwa bado unawaka. Mshumaa haufukuzi mbu, kwa hivyo usiache chandarua nyumbani ukienda Kwale. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo isiwashwe ndani ya hema lililofungwa.

Joto litoke wapi?

Joto tayari unalo mwilini. Kazi yako ni kulizuia lisipotee. Ardhi ndiyo mwizi mkubwa wa joto, hivyo tandika mkeka, kisha godoro jembamba au nguo, kabla ya kulala. Nguo iliyolowa jasho au mvua ivuliwe. Vaa kofia na soksi kavu, na nguo mbili au tatu nyepesi moja juu ya nyingine badala ya moja nzito.

Kula vizuri jioni, unywe uji au chai ya tangawizi. Tia maji moto kwenye chupa ngumu inayofungika barabara, uifunge kwa leso na uiweke miguuni. Pombe huleta joto la uongo, kwani hupanua mishipa ya ngozi na kulitoa nje joto la mwili.

Mtu akiungua

Nguo zikishika moto, asikimbie. Ajitupe chini na kubingirika. Palipoungua pamwagiwe maji baridi safi kwa dakika 20, na bangili au pete zivuliwe kabla ya mwili kuvimba. Usipake dawa ya meno, mafuta wala ute wa yai. Funika kwa kitambaa safi umpeleke hospitali. Kilichogandia ngozini usikibandue.

Na nyumbani pia

Somo hili si la kambini peke yake. Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, mishumaa na koroboi viliwashwa katika nyumba nyingi. Familia inayoishi chumba kimoja, yenye pazia, godoro na chandarua pamoja, iko katika hatari ile ile ya aliye hemani. Mvua ikinyesha, jiko la makaa huingizwa ndani na mlango kufungwa. Koroboi nayo ina moshi mbaya kwa mapafu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2014 kwamba mafuta ya taa yasitumiwe majumbani.

Mzazi, kabla ya kumruhusu mwanao kwenda kambini, muulize kiongozi wa safari mambo matatu. Je, watoto watalala juu ya nini? Mwanga wa ndani ya hema utakuwa wa aina gani? Na jiko litazimwa na nani, likae wapi usiku? Asipokuwa na jibu la swali la tatu, mwambie alipate kabla basi halijaondoka.