Mboga za kandokando ya mto: sumu isiyotoka kwa kuoshwa

Omani ilikuwa nchi ya shaba kabla ya kuwa nchi ya mafuta. Zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, ikiitwa Magan, shaba yake ilisafirishwa hadi Mesopotamia. Uchimbaji wa kisasa ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika milima ya Sohar, takriban kilomita 200 kaskazini-magharibi ya Maskati, na ukasimama huko mwaka 1994.

Kilichobaki ni rundo la mabaki ya madini, takriban tani milioni 11, katika bonde la Wadi Suq. Kwa uhaba wa maji matamu, madini hayo yalisafishwa kwa maji ya bahari, na bwawa la kuhifadhia tope halikuwekewa tabaka la kuzuia uvujaji. Maji ya chumvi yakapenya hadi chini ya ardhi, yakafuata bonde kuelekea pwani.

Hatari nyingine imo ndani ya mabaki yenyewe. Yana salfaidi, ambazo zikikutana na hewa na maji huzaa asidi, na asidi huyeyusha metali. Bahati ya Omani ni kwamba udongo wake mwingi una chokaa, nayo hupunguza makali ya asidi na kuzizuia metali zisisafiri mbali.

Tofauti na uchafu wa kawaida, metali haziozi. Mmea unahitaji zinki na shaba kidogo ili ukue. Lakini kadimi, inayofanana na zinki, huingia kwa mlango huo huo na kupanda hadi majani. Risasi kwa kawaida hukwama mizizini, ila vumbi lake hutua juu ya majani. Kuosha mboga huondoa vumbi. Kilichokwisha kuingia ndani hakiondoki, wala kuchemsha hakukiharibu.

Mwaka 1999 watafiti wa Dar es Salaam walichapisha vipimo vya mboga za majani kutoka kando ya mito Sinza na Msimbazi, wakaikuta risasi, kadimi, shaba na zinki. Mito hiyo hupita kati ya viwanda, gereji na makazi. Mchicha wa huko unaweza kustawi sana, kwani maji machafu huweza kuwa na virutubisho vingi. Mnunuzi sokoni anaweza kuuchagua kwa sababu hiyo hiyo, na mchunga au mnavu uliojiotea ukingoni hauna hata wa kuuliza umetoka wapi.

Kadimi hukaa katika figo za binadamu kwa miaka mingi na kuzidhoofisha. Risasi huathiri ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Mbuzi anayelisha bondeni hujikusanyia kadimi zaidi katika maini na figo kuliko katika nyama.

Iko mimea inayojitangaza. Huko Katanga, nchini Kongo, Haumaniastrum katangense, maarufu kama ua la shaba, humea kwa wingi penye udongo uliojaa shaba, kiasi kwamba wanaakiolojia wamelitumia kutafuta tanuri za kale. Mchicha hautoi ishara ya namna hiyo. Kuujua kunahitaji maabara.