Jinsi Kitambulisho Kinavyojikinga na Waghushi

Mtu wa Sirisia aendaye Uganda kwa njia ya Lwakhakha huonyesha kitambulisho chake mpakani, kwani tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda waweza kusafiri kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa, bila ya pasi. Kadhalika wakala wa fedha za simu hukitazama kabla ya kumhesabia mtu noti. Basi yafaa tujue kwa nini kadi ndogo namna ile huaminiwa.

Jambo hili si geni kwetu. Kuanzia mwaka 1920 wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi walilazimishwa kuchukua kipande, na wengi walikivaa shingoni katika kikopo cha chuma. Waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi huko Kitale walikichukia, kwa kuwa kilitumiwa kumtafuta mtumishi aliyeacha kazi bila ruhusa. Sheria ya 1947 ndiyo iliyoleta uandikishaji wa watu wa rangi zote. Lakini alama ya kidole, iliyokuwamo katika kipande, haikuachwa; na sababu yake tutaiona.

Kinga ya kwanza ya karatasi za thamani, yaani noti, pasi na vitambulisho, ni mistari myembamba sana iliyopindana kama ususi wa mkeka, na rangi zake huingiliana polepole pasipo mpaka. Mashine ya kutoa nakala haiwezi kuchora mstari kama huo. Hupanga vitone vya rangi chache tu. Ukitazama nakala kwa kioo cha kukuza, utaona mstari umekatika ukawa vitone.

Kinga ya pili ni maandishi madogo mno. Kwa macho matupu huonekana kama mstari tu, lakini chini ya kioo husomeka. Katika nakala hugeuka ukungu.

Kinga ya tatu huhitaji taa ya urujuanimno, ile itumiwayo madukani kupimia noti. Karatasi ya kawaida hutiwa dawa ya kuifanya nyeupe zaidi, kwa hiyo chini ya taa hiyo hung'aa kwa rangi ya buluu. Karatasi ya usalama haitiwi dawa hiyo. Hubaki na giza, na zinazong'aa ni zile alama tu zilizochapwa kwa wino maalum.

Kinga ya nne huilinda picha. Mwongo asiyeweza kutengeneza kadi hutafuta kadi ya kweli, akabandika uso wake. Ndiyo maana mistari au hologramu hupitishwa juu ya ukingo wa picha, ili picha ikibanduliwa alama hizo zikatike. Katika kadi za polikaboneti, picha huchomwa kwa leza ndani ya tabaka za plastiki zilizounganishwa kwa joto. Mwenye kuzibandua huiharibu kadi yote.

Hata hivyo, uchapaji huthibitisha kadi, haumthibitishi aliyeishika. Kadi halisi iliyookotwa njiani itashinda majaribio yote tuliyoyataja. Hapo ndipo alama ya kidole inapofaa, kwani hakuna awezaye kuazima kidole cha mwenziwe. Kwa sababu hiyo hiyo Kadi ya Maisha, iliyoanza kutolewa Kenya mwishoni mwa 2023, ina chipu ndani yake.

Basi wakala na autazame kwanza uso wa mteja, aulinganishe na picha, ndipo aichunguze kadi. Naye mwenye kadi asiiweke rehani kwa deni dogo la dukani. Na ikipotea, aende upesi kuwaarifu polisi, kisha aombe nyingine. Mwizi mwenye kadi ya kweli mkononi hana haja ya kughushi.