Susa ya Garissa: Uonjaji wa Uchachu na Msamiati Wake

Mzungumzaji wa Kiswahili akiambiwa kuwa maziwa yamechacha, aghalabu huyamwaga. Miongoni mwa Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera, hata hivyo, uchachu waweza kuwa dalili ya kuiva. Makala haya yanaeleza jinsi susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, inavyotengenezwa na kuonjwa, na jinsi Kiswahili kinavyoweza kuitolea hukumu ya haki.

Matayarisho huanza na chombo. Kibuyu, au chombo cha kusukwa kiitwacho dhiil kwa Kisomali, hufukizwa ndani kwa kijinga cha mti teule, mathalani mzeituni mwitu. Kisha hutiwa maziwa, hufunikwa na kuachwa kwa siku moja au mbili. Bakteria hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, nao moshi hupunguza vijidudu chomboni na kuacha harufu yake.

Uonjaji huhusisha jicho, pua na ulimi. Kwa jicho, susa ni nyeupe na nyepesi, kwa kuwa protini za maziwa ya ngamia hazigandi imara kama za maziwa ya ng'ombe. Anayetarajia uzito wa mtindi huihukumu vibaya kabla ya kuionja. Kwa pua, moshi husikika bila kuyafunika maziwa. Kwa ulimi, hutangulia uchachu, pengine ukifuatwa na chumvichumvi itokanayo na malisho ya ngamia. Uvundo, uchungu na utelezi ndizo dalili za kuharibika.

Uthamini wa namna hii unapatikana kwingineko pia. Huko Yunnan, Uchina, majani ya chai ya Pu-erh hurundikwa yakiwa na unyevu ili yachachuke, mbinu iliyoanza kutumika viwandani miaka ya 1970. Chai hiyo huhifadhiwa kwa miaka mingi, na waonjaji huisifu kwa harufu ya udongo na mbao kuukuu.

Kiswahili kinao msamiati wa kutenganisha mambo haya. Kitenzi "vunda" hudokeza uozo, ilhali "vundika" hueleza kuivisha ndizi kwa kuzifunika. Vivyo hivyo, kilichochacha kimejichachia. Kilichochachushwa kina mtu aliyekichachusha kwa ujuzi. Mnyambuliko wa kitenzi ndio unaomrejesha mjuzi huyo katika sentensi.

Ujuzi huo umo hatarini. Mitungi ya plastiki ni myepesi kubebwa hadi sokoni, lakini haistahimili kijinga kama kibuyu. Aidha, uchachu pekee hauthibitishi usalama, kwani maziwa mabichi yaweza kuambukiza ugonjwa wa bruselosisi. Ni busara kuyachemsha kwanza, yapoe, ndipo yatiwe susa kidogo ya awali. Tahadhari hiyo haiondoi heshima ya susa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayesema "yamechachushwa" badala ya "yameharibika" hukiri kuwa nyuma ya kibuyu kuna taaluma.