Swichi ya Jikoni: Iwekwe Wapi, na kwa Sababu Gani?

Asafiriye kwa barabara kutoka Mikumi kwenda Ifakara hupita Kidodi, katika Wilaya ya Kilosa, kabla hajafika Kidatu. Hapo jirani maji ya Mto Ruaha Mkuu huanguka kwa kimo cha mita 175 hivi na kuzungusha mitambo minne ya umeme iliyojengwa chini ya ardhi. Miwili ya kwanza ilianza kazi mwaka 1975, na miwili mingine ikaongezwa mwaka 1980. Yote pamoja ina uwezo wa kuzalisha megawati 204. Umeme huo husafirishwa kwa msongo wa volti 220,000 kuelekea Morogoro na Dar es Salaam, na unapoingia majumbani mwetu huwa umeshushwa hadi volti 230.

Katika makala haya hatutaizungumzia mitambo hiyo mikubwa, bali kifaa kidogo kilicho mwishoni kabisa mwa safari ya umeme, yaani swichi ya jikoni. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kuwafanya asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na umeme ni mojawapo ya nishati hizo. Hivyo majiko ya umeme yataingia katika nyumba nyingi ambazo hazikujengwa kwa ajili yake. Yafaa basi tujiulize mapema: swichi ya jiko iwekwe wapi?

Swali hili lilinijia kwa nguvu siku moja nilipomtembelea shangazi yangu Kidodi. Alikuwa akikaanga maandazi juu ya jiko la umeme la sahani moja, mara mafuta yakashika moto. Swichi ilikuwa ukutani, nyuma kabisa ya jiko. Alinyosha mkono mara mbili, na mara mbili akaurudisha kwa sababu ya joto. Hatimaye tuliifunika sufuria kwa mfuniko, kisha nikakimbilia nyumba kubwa kuzima swichi kuu. Hakuna aliyeumia, ila pindo la khanga yake liliungua. Tulipotulia aliniambia, “Mwanangu, swichi naiona, lakini siifikii.” Maneno hayo ndiyo kiini cha makala haya.

Kazi mbili za swichi

Watu wengi hudhani kwamba swichi ina kazi moja tu, kuwasha na kuzima. Kwa kweli kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni kukata mkondo wakati kifaa kinatumika. Ya pili ni kukitenga kifaa na chanzo cha umeme, ili mtu aweze kukigusa, kukisafisha au kukitengeneza bila hatari.

Katika kituo kikubwa cha umeme kazi hizo hufanywa na vifaa viwili mbalimbali. Kwanza kikatamkondo hukata mzigo wa umeme. Baada ya hapo swichi ya kutenga huvutwa, na fundi huona kwa macho yake pengo la hewa kati ya ncha mbili za chuma. Hapo ndipo anapopata hakika kwamba upande wake hauna umeme kutoka upande wa pili. Jikoni, swichi moja iliyotengenezwa vema yaweza kufanya kazi zote mbili, mradi ikate nyaya zote mbili zinazopeleka umeme kwenye jiko. Swichi za namna hiyo huwekwa kwa majiko makubwa, na aghalabu huwa na taa ndogo nyekundu.

Kwa nini majiko makubwa yawe na swichi na waya wake peke yake? Hesabu fupi itatuonyesha. Mkondo hupatikana kwa kugawanya nguvu kwa msongo. Birika la umeme la wati 2,000 huvuta ampea 8.7 hivi. Jiko lenye sahani nne na tanuri, la wati 7,000, huvuta ampea zipatazo 30 vyote vikiwashwa pamoja. Soketi zetu za kawaida zenye matundu matatu ya pembe nne zimetengenezwa kwa ampea 13, yaani wati 2,990 tu. Ni dhahiri kwamba jiko kubwa halipaswi kuchomekwa humo.

Waya upi ukatwe?

Nyaya zinazoingia nyumbani huwa na dhima tofauti. Mmoja ni waya hai, ambao mafundi huuita laivu. Wa pili ni wa nyutro, unaorudisha mkondo. Wa tatu ni wa eathi, unaounganisha maganda ya chuma ya vyombo na ardhi. Katika nyumba za zamani waya hai ni mwekundu na wa nyutro ni mweusi. Katika mtindo wa sasa waya hai ni wa kahawia na wa nyutro ni wa buluu.

Nyutro huunganishwa na ardhi na wenye shirika la umeme. Kwa sababu hiyo mtu asimamaye peku sakafuni na kuugusa waya hai hukamilisha njia ya mkondo kwa mwili wake mwenyewe. Ikiwa fundi mzembe ameiweka swichi kwenye nyutro badala ya waya hai, jiko litazimika kama kawaida, lakini ndani yake litabaki na volti 230. Mpishi ataona limepoa na kuamini kwamba ni salama.

Ukinzani wa mwili uliolowa maji waweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Tukigawanya 230 kwa 1,000 tunapata ampea 0.23, yaani miliampea 230. Mkondo wa miliampea 30 tu, ukipita mwilini kwa muda wa kutosha, unahatarisha maisha. Na fyuzi ya ampea 13 haitakatika kwa mkondo huo mdogo, kwani fyuzi huzilinda nyaya zisiungue. Haikuwekwa kumlinda mtu. Anayetaka kulindwa mwili wake hana budi kuweka pia kifaa kinachotambua umeme unaovuja na kuukata ufikapo miliampea 30.

Mahali pa swichi

Kutokana na hayo, mahali pa swichi huamuliwa na mambo matatu: moto, maji, na mkono wa mpishi.

Kwanza, moto. Swichi isiwekwe juu wala nyuma ya jiko. Hapo mvuke, mafuta na masizi huichakaza, na siku ya ajali huwezi kuifikia ila kwa kupitisha mkono juu ya miali. Iwekwe ubavuni mwa jiko, mahali ambapo mtu aliyesimama huifikia bila kuinama. Mwongozo wa mafundi wa Uingereza, ambao mtindo wa soketi zetu ulitoka kwao, husema kwamba swichi isiwe mbali na jiko zaidi ya mita 2. Sababu yake ni nyepesi: umbali huo ni hatua mbili au tatu tu.

Pili, maji. Mwongozo huohuo hutaka soketi na swichi ziwe angalau sentimita 30 kutoka ukingo wa karo, zikipimwa kwa ulalo. Matone hurukia mbali kuliko tunavyodhani, na mkono unaotoka kuosha vyombo ni mkono uliolowa.

Tatu, mkono. Chombo kinachokaa chini ya meza, kama vile jokofu, huwa na soketi iliyofichika nyuma yake. Soketi hiyo yafaa itawaliwe na swichi iliyo juu ya meza, nayo iandikwe jina la chombo chake. Wako wanaoona kwamba safu ya swichi huharibu sura ya ukuta, wakapendelea kuzificha ndani ya kabati. Si vibaya, mradi kabati hilo lifunguke kwa urahisi na kila mtu wa nyumba ajue lilipo. Swichi iliyofunikwa kwa magunia ya mchele ni sawa na kutokuwa nayo.

Jiko la nje

Ushauri huo wadhani kwamba jiko liko ndani ya nyumba. Lakini katika Kidodi, kama vijijini kwetu kwingi, jiko huwa kibanda cha peke yake uani. Umeme hufikishwa huko kwa waya wa kuunga, uliopitishwa dirishani kutoka sebuleni. Hapa kuna hatari tatu kwa pamoja. Swichi iko nyumba nyingine na mpishi hawezi kuifikia. Waya mwembamba huchemka ukibeba ampea 8 au 9 kwa saa nzima, hasa ukiwa umeviringishwa. Na sakafu ya kibanda mara nyingi imelowa.

Dawa yake si kuacha umeme na kurudia mkaa. Dawa ni kumwita fundi mwenye leseni afikishe kibandani waya mnene wa kudumu, pamoja na waya wa eathi, na aweke swichi karibu na mlango wa kibanda. Mpishi akimbiaye moto ataipita akitoka, na jirani ajaye kusaidia ataikuta kwanza.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuonyesha jambo la nyutro kwa betri mbili za tochi, balbu mbili ndogo za tochi na swichi. Unganisha balbu ya kwanza na betri, ukiweka swichi upande wa hasi. Zima swichi, balbu itazimika. Sasa chukua balbu ya pili, gusisha waya wake mmoja kwenye ncha ya balbu ya kwanza iliyo upande wa chanya, na mwingine kwenye hasi ya betri. Itawaka! Hamishia swichi upande wa chanya, uzime, na urudie jaribio: haitawaka. Hasi ya betri inasimama mahali pa ardhi, na balbu ya pili mahali pa mtu. Jaribio hili lifanywe kwa betri tu. Umeme wa nyumbani usiguswe kamwe.

Baada ya hapo kila mwanafunzi arudipo nyumbani achore ramani ya jiko lao, aonyeshe moto, maji, mlango na swichi, kisha aulize: mafuta yakiwaka sasa hivi, mama atapitisha mkono wapi? Jibu likiwa “juu ya moto,” fundi na aitwe kabla ya maandazi ya kesho.