Polima za Uhai na Asili ya Waswahili: Ushahidi wa Mifupa ya Kilwa

Polima ni molekuli kubwa iliyoundwa na molekuli ndogo nyingi zilizoungana kama shanga katika uzi. Istilahi hii imetokana na Kigiriki, kwa maana ya "sehemu nyingi". Wanga wa muhogo ni mnyororo wa glukosi. Protini ya samaki ni mnyororo wa asidi amino, ambazo aina zake za kawaida ni 20. Na DNA, inayobeba vinasaba, hujengwa kwa nyukleotidi za aina nne tu. Kama vile mpangilio wa sauti zilezile unavyotofautisha "lima" na "mali", ndivyo mpangilio wa nyukleotidi unavyotofautisha urithi wa kiumbe kimoja na kingine.

Mtu afapo, minyororo hiyo huanza kukatika. Joto na unyevu wa pwani huharakisha uharibifu, lakini vipande vifupi huweza kusalia katika mifupa na meno kwa karne nyingi. Mwaka 2023, jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale kutoka miji ya pwani, ikiwamo Kilwa na Songo Mnara, pamoja na mji mmoja wa bara. Ilibainika kwamba wengi wa watu wa pwani walirithi zaidi ya nusu ya DNA yao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa mama. Urithi wa Asia ulitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, na mchanganyiko ulianza takriban mwaka 1000. Baada ya 1500, urithi wa Uarabuni uliongezeka.

Matokeo haya yanawiana na Tarihi ya Kilwa, inayowataja waasisi kutoka Shirazi, na yanawaonya wale walioiona kuwa ngano tupu. Hata hivyo, hayageuzi asili ya Kiswahili. Maneno ya Kiajemi kama "bandari" na "serikali" yamepokewa, ilhali ngeli, upatanisho wa kisarufi na mnyambuliko wa vitenzi vimebaki vya Kibantu. Yaelekea watoto wa ndoa hizo walikua katika lugha ya mama zao.

DNA huonyesha nani alizaa na nani. Haionyeshi walizungumza nini. Swali la lugha halina budi kujibiwa kwa ushahidi wa lugha yenyewe, na swali la nasaba kwa ushahidi wa nasaba. Anayelichanganya moja na jingine hupotosha yote mawili.