Alilipwa asiuze maziwa, kisha akaadhibiwa kwa kutouza

Hebu fikiria ni wewe. Unalipwa ili usiuze maziwa kwa miaka mitano. Unatia sahihi, unatulia. Muda ukiisha unataka kurudi sokoni, unaambiwa: "Pole, wewe huna mgao."

Hayo yalimpata mfugaji mmoja wa Uholanzi. Mwaka wa 1979 maziwa yalikuwa yamefurika Ulaya, naye akakubali kuacha kuuza. Lakini Aprili 1984, Jumuiya ya Ulaya ikaweka migao: kila mfugaji na kiwango chake, ukizidisha unatozwa. Uholanzi ikapima kiwango hicho kwa maziwa ya 1983. Yake? Sufuri!

Jamaa hakunyamaza. Alienda kortini, na Aprili 1988 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikamuunga mkono: huwezi kumshawishi mtu asimamishe biashara, kisha umfungie mlango kwa sababu alisimamisha. Mwaka wa 1992 mahakama hiyo ikaamua kwamba yeye na wenzake walistahili fidia. Migao yenyewe ilifutwa 2015.

Sasa wewe, ukitia sahihi mkataba wowote, weka nakala. Sheria zikibadilika, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.